Kutoka Mtopanga hadi Mji wa Kale kwa Pikipiki Ndogo

Kutoka Mtopanga kwenda Mji wa Kale ni mwendo wa kilomita 10 hivi. Kwa miaka mingi tuliukata kwa matatu, na kila msomaji anayeishi upande wa Kisauni aujua usumbufu wake: kusimama kituoni kungali na giza, nauli kupanda punde mvua inapodondosha matone mawili, na kuketi watu wanne mahali pa watatu huku kondakta akisema, "Songea kidogo, mama." Sisi ni mtu na wifi yake. Mmoja wetu hufundisha watoto wadogo katika madrasa moja ya Kibokoni. Mwingine hushona nguo katika chumba kidogo karibu na Marikiti. Nyumba yetu ni moja, saa zetu za kazi hazipishani sana, na tangu Mfungo Sita uliopita twaenda na kurudi kwa pikipiki yetu wenyewe, yenye injini ya 100, rangi nyekundu iliyokwisha kuwiva jua kabla hatujainunua.

Tumeulizwa na wengi, mikutanoni na arusini, kwa nini tusipande boda kama watu wengine. Jawabu ni rahisi na kila mwanamke wa Pwani alijua kabla hajauliza. Kiti cha pikipiki ni kifupi. Dereva akifunga breki, abiria husukumwa mbele, na mbele ni mgongo wa mwanamume asiye maharimu wake. Ndiyo maana wanawake wetu hupanda na mkoba, wakauweka katikati kama ukuta. Tumewaona wasichana wa shule wakiweka vitabu, tumewaona mabibi wakiweka kikapu cha samaki. Vijana wa boda hatuwalaumu; wengi wao ni watoto wa majirani zetu, na baadhi yao ni waungwana kiasi kwamba hujivuta mpaka wakakaa juu ya tangi ili mama apate nafasi. Lakini kwenda kazini kila siku, kwenda na kurudi, na mkoba kifuani, ni jambo lenye kuchosha moyo kuliko mwili.

Nyumbani mwetu neno la mwisho ni la Bi Mkubwa, ambaye ni mama wa mmoja wetu na mavyaa wa mwenziwe. Tulipomweleza shauri letu hakukasirika. Alinyamaza, akaendelea kuchambua mchele, na siku mbili hakulitaja. Tulijua alikuwa akimfikiri mpwa wake, kijana aliyevunjika paja katika ajali ya boda pale Bamburi akalala kitandani miezi minne, na mpaka leo hutembea akivuta mguu. Siku ya tatu, baada ya sala ya isha, alituita akatupa masharti yake. Tusipande bila leseni. Tusipande penye mvua. Tuwe ndani kabla ya magharibi. Na kila asubuhi tumjulishe tunapofika, kwa kuwa yeye hatakunywa chai mpaka ajue. Sharti hili la mwisho lilitutia uzito zaidi kuliko yote, maana Bi Mkubwa ana sukari, na mtu mwenye sukari kukaa na njaa si jambo la mzaha.

Mwalimu wetu wa kwanza alikuwa mmoja kwa wote wawili: kaka wa mmoja wetu, mume wa mwingine. Alitupeleka uwanja wa mpira baada ya alfajiri, kabla vijana hawajaamka, na wiki nzima ya kwanza hakutufunza kwenda. Alitufunza kusimama. Kwa hilo twamshukuru mpaka leo. Mtu asiyewahi kupanda hudhani kazi ni kuiondosha pikipiki. Kumbe kuiondosha ni kuachia klachi polepole mpaka uisikie injini inashika, basi, jambo la asubuhi mbili. Kuisimamisha ndiko kwenye elimu. Breki ya mbele, iliyo mkono wa kulia, ndiyo yenye nguvu nyingi, kwa sababu chombo kinapopunguza mwendo uzito mwingi huhamia gurudumu la mbele. Wanagenzi huiogopa wakategemea ya mguu peke yake, na ya mguu peke yake humpeleka mtu mbali zaidi kuliko alivyokusudia. Dawa ni kuzitumia zote mbili pamoja, ile ya mkono ikaminywa kama mtu anayekamua limau, si kunyakuliwa. Mchangani, hata hivyo, hukumu hugeuka: huko ya mbele huguswa kwa vidole viwili tu, na pikipiki ikiwa imenyooka.

Jambo la pili alilotufunza ni macho. Pikipiki huenda unakotazama. Ukilitazama shimo kwa hofu, utaingia shimoni. Ukitazama njia iliyo pembeni mwa shimo, utapita. Tulilicheka neno hilo mpaka tulipolijaribu.

Kisha tukaenda chuo cha udereva, maana kuelekezwa uwanjani hakumpi mtu leseni. Huko mwalimu mmoja alituambia kwamba wanawake hufaa kujifunza gari, na kwamba pikipiki ya gia itatushinda. Akataka tulipe ada ya somo jingine. Hatukubishana naye. Tulikaa, tukasoma alama za barabara, tukapita katika mtihani tukapata daraja tuliloomba, la A2, ambalo ni la pikipiki ya kawaida isiyo ya biashara. Anayetaka kubeba abiria kwa malipo huhitaji daraja jingine, A3. Twalisema hili kwa sababu tumewasikia akina mama wakiambiwa kwamba leseni ni moja tu na kwamba yoyote hutosha.

Tuje kwenye mavazi, ambayo ndiyo barua nyingi tunazoletewa. Buibui na gurudumu ni maadui. Asubuhi moja karibu na Bombolulu tulikuwa nyuma ya boda iliyombeba mama mmoja aliyekaa upande, miguu yote kushoto, kwa heshima ya zamani. Upepo ukaupeperusha upindo wa buibui lake, ukashikwa na spoki. Alhamdulillahi dereva alikuwa ndiyo kwanza anaondoka kituoni, mwendo ulikuwa wa mtu anayetembea. Nguo ilijizungusha mara mbili, ikamvuta yule mama mpaka akawa nusu juu ya kiti nusu chini, na pikipiki ikazimika. Tulisimama. Mmoja wetu ni mshoni, na mkasi haumtoki mkobani. Tulimzingira kwa shuka tuliyofungia nguo za wateja ili watu wasimwone, tukakata kitambaa kipande kwa kipande mpaka akawa huru. Alikuwa na mchubuko wa goti na michirizi ya hina iliyochanganyika na vumbi. Alikuwa akienda posa ya mjukuu wake. Tulimvalisha dera lililokuwa tayari la mteja, naye akaendelea na safari yake, safari hii kwa tuk-tuk. Mteja tulimweleza, akasema lile dera amelitoa sadaka. Tukamshonea jingine.

Tangu siku ile twazitazama pikipiki za mji huu kwa jicho jingine. Nyingi ya hizi ndogo asili yake ni India, na India kuna mamilioni ya wanawake wanaopanda nyuma wamevaa sari, kitambaa kirefu kisichofungwa kwa kifungo wala zipu. Kwa hiyo sheria ya huko imelazimisha kila pikipiki iwe na kinga inayofunika walau nusu ya gurudumu la nyuma, ili nguo ya abiria isiingie. Kinga hiyo ni chuma chepesi tu, au wavu, ubavuni kushoto. Pikipiki zinapofika kwetu, wengi huing'oa ili wapate mahali pa kufunga mzigo. Yetu tuliinunua mkononi mwa mtu ikiwa haina. Tukaenda kwa fundi wa kuchomea vyuma pale Kisauni, tukamwonyesha picha, naye akatutengenezea kwa vyuma vyembamba na wavu wa dirisha. Akafunika na mnyororo pia. Alitudai pesa kidogo mno, kisha akasema atamwekea na mkewe, ambaye huenda sokoni kwa boda kila siku. Mwanamke asiyekuwa na pikipiki yake mwenyewe aweza angalau kuitazama ile anayotaka kuipanda, na akiona gurudumu liko wazi, akusanye buibui lake lote akalikalie, au amwambie dereva ampishe na kungojea nyingine.

Sisi wenyewe twavaa suruali pana chini, na juu buibui tulilolishona maalumu: lina vishikizo viwili ndani, kila upande kimoja, vinavyoupandisha upindo mpaka chini kidogo ya goti na kuushikilia pale. Tukishuka, tunafungua vishikizo na nguo yaanguka mpaka kisiginoni. Mikono tumeibana kwa lastiki. Hili halikuhitaji fatwa, lilihitaji cherehani.

Kofia ngumu nayo ina mambo yake. Sheria ya Kenya inamtaka dereva na abiria wote wavae kofia na koti lenye kung'ara, na abiria awe mmoja tu. Lakini kofia haikai juu ya fundo la nywele, wala juu ya mtandio uliokunjwa mara tatu ukatiwa pini. Pini zenyewe ni hatari. Mtu akianguka, kile kinachomlinda kichwa ndicho kitakachomchoma. Tunasuka mistari ya kulala, tunavaa kofia nyepesi ya pamba, kisha kofia ngumu, na mtandio wenyewe tunaubeba mkobani, shingo na kifua vikiwa vimesitiriwa na koti. Yule kati yetu anayevaa ninja aligundua kwamba pumzi hutia ukungu kiooni, hasa asubuhi za baridi ya Julai. Hufungua kioo upana wa kidole akiwa mwendo mdogo, na ukungu huondoka.

Abiria mmoja tu, tumesema. Mtoto wetu wa miaka sita amelia, amenuna, amegoma kula ili tumpakie katikati yetu tumfikishe shuleni. Kila siku twaziona familia nzima juu ya kiti kimoja, baba mbele, mtoto tangini, mama nyuma na mchanga mgongoni, na twajua si ujeuri, ni uhaba wa pesa. Hatumhukumu mtu. Ila letu lilikatwa siku ya kwanza: hapandi. Huenda shule kwa miguu, ameshikwa mkono na Bi Mkubwa.

Barabara yenyewe ina mapande yake. Kutoka Mtopanga mpaka tuikute barabara ya Malindi ni njia ya mchanga na mashimo, na hapo hatuzidi gia ya pili. Tukiingia barabara kuu, wakubwa ni malori na mabasi ya masafa, na ugomvi nao hauna faida. Hatukai ubavuni mwa lori hata kama liko polepole, kwa sababu dereva wake aliye juu hatuoni. Kama hatukioni kioo chake, naye hatuoni sisi. Ama tumepita, ama tumebaki nyuma. Penye taa, pale ambapo kila mtu hupaita Lights, matatu hukata kushoto bila ishara kumfuata abiria aliyenyosha mkono. Hapo tulijifunza kutazama watu badala ya magari: mtu anayesimama pembezoni na mkono juu ni ishara ya breki iliyo bora kuliko taa yoyote.

Kengeleni ni mahali tunapopapenda. Jina limetokana na kengele ya Frere Town, makao ya watumwa walioachwa huru katika karne ya 19. Ilipigwa kuwaonya watu hatari ilipokaribia. Watu wengi hupita hapo kila siku wakilitamka jina pasi na kukumbuka kengele. Pembeni yake ni Kongowea, na soko la Kongowea huamka kabla yetu. Kuna mikokoteni, kuna malori ya vitunguu na viazi kutoka bara, na kuna maganda: ya ndizi, ya muwa, ya mananasi, na majani ya kabichi yaliyopondwa mpaka yakawa kama sabuni. Mwenye gari hayahisi. Sisi twayapita tukiwa wima, bila kuegemea, bila breki.

Kisha daraja. Daraja la Nyali tunalolijua lilifunguliwa mwaka 1980. Kabla yake, tangu 1931, palikuwa na daraja la kuelea, lililoshuka na kupanda kwa maji. Bi Mkubwa alivuka la kuelea akiwa msichana, na husema ulikuwa ukihisi bahari nyayoni. Hili la sasa lina njia 6 na urefu wa karibu mita 390, na juu ya pikipiki ndogo mita hizo ni nyingi. Ndani ya matatu hatukuwahi kujua kwamba daraja lina upepo. Miezi ya kaskazi, kuanzia Disemba, hausumbui sana. Lakini kusi ikishika, Mei mpaka Agosti, hutujia kutoka upande wa bahari, ambao tukielekea mjini ni kushoto kwetu, na kila basi linalopita hutukinga kwa muda wa pumzi moja kisha likituacha upepo hurudi kama mtu aliyekuwa akisukuma mlango ukafunguliwa ghafula. Kukaza mikono ni kosa la wengi. Pikipiki hupokea mtetemeko wa mabega yako ikayumba zaidi. Mtu hulegeza viwiko, akabana tangi kwa magoti, akapunguza gia moja, akaenda. Mabaharia wa Mji wa Kale wangelielewa hili kuliko waendesha magari.

Na juu ya daraja hilo, asubuhi zisizo na upepo, mkono wa bahari wa Tudor ukiwa umetulia na ngalawa moja mbili zikirudi, twakiri kwamba kuna raha ambayo hatukuitarajia. Hatumwambii Bi Mkubwa. Angesema tunatazama maji badala ya njia.

Tukishuka Buxton twaingia njia ya Abdel Nasser hadi Digo Road, mwendo wa tuk-tuk na mikokoteni na watu wanaovuka popote. Mshoni hushukia Marikiti. Mwalimu huendelea peke yake mpaka Mji wa Kale, na huko huzima injini. Hakuna sheria tuijuayo inayomlazimisha. Lakini vichochoro vile vilijengwa kwa upana wa watu wawili na punda, Msikiti wa Mandhry ulio humo watajwa kuwa ni wa mwaka 1570, watoto hutoka milangoni bila kutazama, na wazee wamekaa barazani na kahawa yao. Pikipiki husukumwa kwa mkono mpaka madrasani. Wazee hao, ambao wiki za mwanzo walikuwa wakinyamaza anapopita, sasa huitikia salamu na mmoja wao humwuliza kama ametia hewa magurudumuni.

Kuhusu gharama tutasema kidogo. Lita moja hututembeza zaidi ya kilomita 40, kwa hiyo petroli ya siku moja, kwenda na kurudi, ni nusu lita, na sisi ni watu wawili. Nauli ya matatu ya wawili haikaribii hapo. Lakini anayehesabu petroli peke yake hajahesabu. Kuna bima, ambayo ni lazima kisheria. Kuna oili, mnyororo, matairi, pancha. Na kuna siku za mvua ambazo tumeahidi kutopanda. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu huinua mafuta yaliyolala lamini miezi mizima, na barabara huteleza kabla haijaoshwa. Masika yaliyopita, pikipiki ilikaa ndani wiki tatu nasi tukarudi matatuni, na nauli ikawa ileile ya mvua.

Mwezi wa Ramadhani una hukumu yake. Saa ya mwisho kabla ya futari kila mtu mjini yuko mbioni, amefunga, ana kiu, macho yako kwenye saa. Tumeiona barabara ya Kisauni ikigeuka uwanja wa mashindano. Sisi hutoka mjini mara baada ya alasiri, na ikiwa kazi imetuchelewesha, tunabaki. Tende tatu na maji hupatikana msikiti wowote wa mji huu, na kurudi baada ya magharibi, barabara ikiwa tupu, ni salama kuliko kuwahi sambusa. Sharti la Bi Mkubwa la kuwa ndani kabla ya magharibi lilipogongana na hili, tulimpelekea shauri. Alifikiri, akasema Ramadhani ina ruhusa yake.

Kabla ya kuwasha twasoma dua ya kupanda chombo, yule aliye nyuma akiitikia. Tukifika, yule wa mwisho kushuka ndiye hupiga simu. Siku hizi Bi Mkubwa hangoji tumalize salamu. Hutuuliza tuko wapi, tukasema tumefika, kisha yaja maagizo: nazi mbili, ukwaju, bizari ya pilau kutoka kwa yule Mbaniani wa Marikiti na si kwa mwingine. Na kabla hajakata hukumbusha kwamba mfuko usining'inizwe kwenye usukani.